Mwanamke wa Simu ya Asubuhi

Khalayi alikuwa ameshapita shamba la mwisho la miwa, sufuria zake zimefungwa ndani ya shuka kichwani, begi begani, na nyuma yake mumewe Nehemiah alikuwa anamwita. Alimwita kwa nguvu zake zote. Hivyo ndivyo alivyoamini mwenyewe. Ndani ya kifua chake Nehemiah alisikia sauti ya kusimamisha trekta. Mdomoni ulitoka upepo tu. Khalayi hakugeuka, kwa sababu hakusikia mtu akimwita.

Aliyegeuka ni jirani yao Jael, aliyekuwa anaanika mahindi kando ya barabara ya Sigalagala.

"Mulembe, Mama Sammy. Na sufuria hizo zinaendanga wapi?"

"Zinaenda kwetu Likuyani."

"Kuna matanga?"

"Hakuna matanga. Kuna mwanamke. Anampigia Baba Sammy simu kila asubuhi mimi nikiwa chini ya ng'ombe nakamua."

Jael alimtazama Nehemiah aliyekuwa anakuja polepole, hatua fupi fupi, mkono wa kulia ukicheza peke yake. "Huyu? Anayetetemeka hivi?"

"Ni mkono unatetemeka, Jael. Moyo hautetemeki."

Nehemiah alipofika alisema jambo. Jael akaweka kiganja kwenye sikio. Akasema tena. Jael akainama kama mtu anayesikiliza mtoto mchanga. "Eh? Mama Sammy, anasema nini huyu?"

"Hata mimi sijui. Kwa simu ndiyo anajuanga kuongea." Khalayi akasimamisha boda boda, akapanda na sufuria zake, akaenda.

Jambo lenyewe lilitokea asubuhi hiyo. Nehemiah alikuwa chooni na simu ikalia mezani, karibu na glasi ya maji yenye mrija ambayo Khalayi alikuwa amechoka kuiosha bila kuambiwa ni ya nini. Khalayi akapokea. Sauti nyororo ikasema, "Umeamkaje, Mzee wangu? Leo tuanze na ile ndefu?" Khalayi hakuuliza ile ndefu ni ipi. Alimtukana mwenye sauti hiyo kuanzia mama yake mpaka nguo anazovaa. Akamwita malaya, mwizi wa waume za watu, kuku asiye na banda. Alipopumzika kuvuta hewa, akasikia upande wa pili mtu anavuta kamasi, na ile sauti ikasema, "Asante, mama. Asante sana." Simu ikakatika.

Matusi angeyamaliza hapo na kuendelea na kazi. Hiyo asante ndiyo iliyomfungisha sufuria.

*

Nehemiah Osiako alikuwa amefundisha useremala polytechnic mpaka akastaafu, lakini watu wengi walimjua kwa kazi nyingine. Alikuwa msemaji. Familia ikienda kuposa, ikienda kudai ng'ombe, ikienda kumrudisha mke aliyekimbilia kwa kaka zake, ilimchukua Nehemiah akae mbele na kuongea. Ugonjwa wa Parkinson ulipomshika, kwanza mkono, kisha hatua, kisha uso ukakauka kama ubao, alivumilia. Sauti ilipoondoka ndipo alipoumia. Kwenye mahari ya binti yake mwenyewe alifungua mdomo, na shemeji mmoja akasema, "Mzee amechoka, aongee mwingine," kabla hajamaliza salamu.

Ndiyo maana alikubali alipoambiwa kuna watafiti wa sauti mjini Kakamega wanatafuta watu. Walikuwa wamepanga nyumba ya bati jekundu nyuma ya soko. Aliyekuwa anaongoza ni msichana anayeitwa Natasha, mtaalamu wa tiba ya sauti, mwembamba, anayevaa raba na kula njugu kazini. Siku ya kwanza alimwambia Nehemiah apige kelele awezavyo mbele ya mashine.

"Umepiga?"

"Nimepiga kama mwendawazimu. Nimeona haya."

"Tazama hapa."

Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa umeinuka kidogo tu, kama mgongo wa panya.

"Ugonjwa huu unamdanganya mwenyewe," Natasha alisema. "Unakupimia sauti kwa kipimo cha uongo. Wewe ukihisi unawapigia watu kelele, hapo ndipo wanakusikia vizuri. Ukihisi uko sawa, umenong'ona. Kwa hiyo kazi yako hapa ni kuzoea hiyo haya."

Nehemiah alipenda maelezo hayo. Yalikuwa kama kumwambia fundi kwamba rula yake imepinda.

Utafiti ulikuwa unauliza swali moja: je, mtu akiwa na mwenzake wa kumpigia kila asubuhi, atafanya mazoezi kuliko akiachwa peke yake? Aliyetaka mwenzake alipewa. Na waliokuja pale hawakuwa wagonjwa wa Parkinson tu. Kulikuwa na wengine ambao sauti yao haikuwa na ugonjwa wowote, ila haikuwa yao. Nehemiah alipewa Mitchel. Kila asubuhi, kwa simu, Khalayi akiwa zizini kwa kuwa Nehemiah aliona haya kumwambia, walivuta pumzi pamoja, wakapuliza mapovu kwa mrija ndani ya maji huku wakivumisha sauti, wakashika *aaa* ndefu mpaka pumzi iishe.

Asubuhi moja ya mwanzo mwanzo, Nehemiah alimuuliza. "Sasa wewe sauti yako inaumwa nini? Mimi naisikia iko sawa tu."

"Mzee, nilizaliwa nikaitwa mvulana. Mimi si mvulana. Kila kitu nimekipanga, lakini nikifungua mdomo sauti inanichongea."

Nehemiah alikuwa mzee wa kanisa, na juu ya mambo hayo hakujua aseme nini, basi hakusema. Lakini alikuwa fundi kabla hajawa mzee wa kanisa, na kwake swali la kitu kinafanywaje lilitangulia swali la nani anakifanya.

"Inakuwaje? Unaipandisha juu tu, kama ya mtoto?"

"Hapana, hiyo inachosha koo, na watu wanacheka. Unaihamisha. Itoke kifuani ije huku mbele, karibu na meno."

"Mimi wananiambia niitoe tumboni."

"Hata mimi pumzi inatoka tumboni."

"Kumbe tunatoka nyumba moja," alisema Nehemiah, "njia ndiyo mbili."

Sasa, Khalayi akiwa ameondoka, alienda kwa Natasha na kukaa kitini bila kuvua kofia.

"Nipe ruhusa nimwambie mke wangu Mitchel ni nani. Neno moja tu. Nikishasema, hakuna wivu tena."

"Ya kwako sema yote, Mzee. Sema unaumwa, sema unapuliza mrija. Ya Mitchel ulipewa na nani?"

"Na yeye mwenyewe."

"Basi ruhusa iko kwake."

"Nikimwomba?"

Natasha aliweka njugu chini. "Atakubali. Ndiyo maana nakuomba usimwombe. Pale alipokuwa akiishi kabla ya hapa, neno hilo moja lilitoka. Walivunja mlango, wakatupa cherehani yake mtoni. Yeye alipita dirishani."

Nehemiah alikaa akiutazama mkono wake unavyocheza juu ya goti. Alikuwa amerudisha wake za watu wengi kwa maneno. Safari hii maneno aliyokuwa nayo ya kumsaidia yalikuwa ni ya mtu mwingine.

*

Mume hamfuati mke kwa kaka zake peke yake, basi alimchukua binamu yake Cleophas awe msemaji, pamoja na kuku mmoja mkubwa wa kupeleka. Walifika Likuyani asubuhi, kwa Wekesa, kaka mkubwa wa Khalayi, mkulima wa mahindi mwenye tumbo na kofia ya ngozi. Walikaribishwa viti. Kisha Nasambu, mke wa Wekesa, akaleta chai ya rangi.

Cleophas aliitazama ile chai. Mkwe akifika kwa wakwe anachinjiwa ingokho, kuku wa heshima, anawekewa obusuma, ugali, mpaka ashindwe. Chai ya rangi ni namna ya kumwambia mtu ajue anakokaa.

"Tumekuja kwa amani," alianza Cleophas. "Mwanamume ni kama jogoo, anaweza kuwika hapa na pale, lakini anarudi kwake..."

"Kwa hiyo amewika?" aliuliza Wekesa.

"Hapana! Nasema kwa mfano."

"Mfano wako unamfunga mtu wako. Nyamaza kwanza. Mulamwa, shemeji yangu, tunataka kukusikia wewe. Tulizoea kukusikia ukisemea wengine. Jisemee."

Nehemiah alijaza tumbo hewa kama alivyofundishwa, akaona haya, akasukuma. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilifika. Wanawake waliokuwa jikoni pamoja na Khalayi waliacha kuosha vyombo.

"Ni mgonjwa mwenzangu. Tunafanya mazoezi ya sauti."

"Anaumwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Kwa nini?"

"Si langu."

Nasambu alicheka jikoni kwa nguvu. "Ugonjwa usiotajika! Huo tunaujua sisi. Unaponanga baada ya miezi tisa!"

Kicheko kilienea uwanja mzima. Nehemiah hakuwa na uso wa kujitetea nao. Ugonjwa ulikuwa umeuchukua, na kwa macho ya watu alionekana kama mtu asiyejali. Khalayi alimwona kupitia mlangoni. Alijua kwamba uso ule si wa kutojali, na bado ulimkera.

Hapo ndipo simu ilipolia. Nehemiah alipapasa mfukoni, mkono ukamchelewesha, Wekesa akaichomoa. "Mitchel," alisoma. "Haya, jamani. Ugonjwa unapiga simu." Akaifungulia sauti na kuinyoosha mbele ya watu.

"Mzee," ilisema ile sauti nyororo, "Natasha ameniambia mama ameondoka. Ni kwa ajili yangu. Kama yuko hapo, mpe simu. Usininyime. Nimeamua, nitamwambia mwenyewe mimi ni nani. Mama, kama unanisikia, mimi—"

"NYAMAZA!"

Kuku aliyekuwa ameatamia nyuma ya ghala aliruka akakimbia. Ng'ombe waliinua vichwa. Simu ilimtoka Wekesa mkononi ikaanguka kwenye nyasi, ikakatika. Nehemiah alikuwa amesimama, na hakukumbuka amesimama lini. Sauti ile watu hawakuwa wameisikia kwa miaka. Ilikuwa ileile iliyowahi kusemea nyumba nzima bila kipaza sauti.

Kisha Wekesa akaokota simu, akaifuta kwenye suruali.

"Kumbe sauti iko," alisema polepole. "Ya kumwita mke wako barabarani haikuwako. Ya kumlinda malaya iko. Cleophas, mchukue mtu wako. Na kuku wenu."

Wakaondoka. Cleophas alimbeba yule kuku chini ya kwapa njia yote kurudi, akiwa hai, na kila waliyepishana naye aliyejua mila alielewa yaliyotokea bila kuuliza.

*

Khalayi alibaki na hasira, lakini sasa hasira ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, na hicho kitu hakikumwacha apepete mahindi ya Nasambu kwa amani. Yule mwanamke alikuwa anakuja kusema. Alikuwa ameomba kusema. Mwizi akitaka kukiri, nani anamziba mdomo? Tena ni Nehemiah, ambaye kukiri kwa yule kungemwokoa au kummaliza mara moja. Alikuwa anaficha nini ambacho mwanamke mwenyewe hafichi?

"Wifi, unaenda wapi?" aliuliza Nasambu alipomwona amevaa viatu.

"Kuona."

Mjini Kakamega aliulizia nyumba ya watu wa mazoezi ya sauti mpaka akaonyeshwa lile bati jekundu. Nje kulikuwa na benchi. Alikaa. Alikuwa amejiandaa kwa msichana wa kucha ndefu na nguo ya kubana. Aliyekuja kukaa karibu naye alikuwa mrefu, amevaa gauni la kitenge lililoshonwa vizuri ajabu, mishono imenyooka, na kidole cha shahada kimejaa alama za sindano. Alikuwa na chupa ya maji na mrija.

"Mama, unamngoja daktari? Amechelewa kidogo leo."

Khalayi aligeuka. Sauti ni ileile.

"Namngoja mtu," alisema.

Yule naye akashtuka. Wakatazamana.

"Ni wewe," alisema Mitchel.

"Ni mimi."

"Ulinitukana vizuri sana, mama."

"Na wewe ulinijibu asante! Tangu siku hiyo silali. Mwanamke gani anatukanwa anashukuru?"

Mitchel alicheka. Sauti ya kuongea alikuwa ameifanyia kazi mwezi baada ya mwezi, lakini kicheko kikimkuta mtu ghafla hakingoji mazoezi. Kilitoka kizito, kutoka kifuani, kicheko cha mwanamume. Akaziba mdomo kwa mkono. Khalayi aliutazama ule mkono, upana wake, kisha akatazama koo, kisha macho. Watu wakapita na mikokoteni ya ndizi.

"Ndicho ulitaka kuniambia?"

"Ndicho."

"Mbele ya Wekesa?"

"Ulikuwa umeondoka nyumbani kwako kwa sababu yangu."

"Mjinga wewe. Unamjua Wekesa? Kabla ya jioni ingejua Likuyani yote, keshokutwa Kakamega." Alikuwa ameinua sauti, akaishusha. "Na asante ilikuwa ya nini?"

Mitchel alichezea mrija. "Mimi nashona sare za shule, chumba cha nyuma. Mwenye duka ndiye anaongea na wateja, mimi sitoki. Nikipiga simu popote wananiita kaka. Nikipigia watu wa stima, kaka. Nikipigia hospitali, kaka. Nimefanya mazoezi, nikaona labda sitafika. Halafu wewe, hunijui, hunipendi, huna sababu ya kunifurahisha, umesikia sauti yangu mara moja ukaniita mwizi wa waume. Hukufikiri hata kidogo. Mama, nilikaa sakafuni nikalia mpaka mwenye duka akadhani nimefiwa."

"Kwa hiyo nilikutukana bure."

"Si bure."

"Nilikuita kuku asiye na banda."

"Nimeiandika ukutani."

Safari hii aliyecheka ni Khalayi, bila kutaka. Aliuliza mengi. Aliuliza kama inauma. Aliuliza kama mama yake anajua, akaambiwa anajua na hawaongei, akasema "ai, huyo mama," kisha akanyamaza, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba yeye angekuwa tofauti. Mwisho akaichukua ile chupa. "Nionyeshe hii ya mrija. Nimeosha glasi hiyo miezi, sijui ni ya nini."

Natasha alipofika aliwakuta wameinama, mapovu yanachemka, wanavuma kama nyuki.

*

Khalayi alirudi Likuyani kuchukua sufuria zake. Wekesa alikuwa amekaa uwanjani na wazee wenzake wa jirani, na hakumngoja aketi.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Haya, tuambie. Ni nani?"

Khalayi alikuwa na maneno yote mdomoni. Angeyatoa, mume wake angekuwa msafi mbele ya wazee wale, naye asingechekwa. Wangemcheka mwingine, kwa muda, kisha wasingecheka tena. Nasambu alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, anangoja.

"Ni mwanamke," alisema Khalayi.

"Mwanamke tu? Hivyo tu?"

"Ni mwanamke."

"Na unarudi kwa Nehemiah?"

"Narudi."

Mzee mmoja alitema mate pembeni. Nasambu alisema, "Wifi, hata aibu huna? Unaenda kugawana mwanamume anayetetemeka?" Wekesa akasema akitoka hapo asirudi tena na sufuria kichwani, kwani hatafunguliwa. Khalayi alifunga shuka, akatwika, akawaaga kila mmoja kwa jina lake, akaenda.

Nyumbani alimkuta Nehemiah amekaa mlangoni. Alimwambia, "Nimekutana na Mitchel. Anashona vizuri." Nehemiah akasema jambo. "Kwa nguvu," alisema Khalayi, "sisikii." Nehemiah akajaza tumbo hewa akalirudia: "Karibu nyumbani."

Utafiti ulifungwa mwaka uliofuata, muda wake ulipoisha. Waliokuwa na wenzao walifanya mazoezi zaidi kuliko waliokuwa peke yao, ingawa si kwa tofauti kubwa sana, na Natasha ameandika hivyo. Sasa anafundisha Eldoret. Sauti ya Nehemiah ilikaa juu kwa miezi kadhaa, akasemea posa moja mtaani kwao, kisha ikaanza kushuka tena, maana ugonjwa wenyewe hauponi. Siku hizi Khalayi ndiye anapuliza mrija naye asubuhi. Cleophas amechukua kazi ya kusemea familia na hafanyi vizuri. Mitchel amehamia Webuye, ana cherehani yake na meza ya mbele, na wateja anawapima na kuongea nao mwenyewe. Mama yake bado hajampigia. Jael aliambiwa kwamba yalikuwa ni mambo ya hospitali, na hakuamini. Wekesa hajakanyaga kwa Nehemiah tangu siku hiyo. Anawaambia watu kwamba dada yake ana mke mwenza mjini, na Khalayi hajamkanusha.